Mjiolojia Mpya Dodoma, Anza na Maji

Ukimaliza jiolojia UDOM au Chuo cha Madini, macho yote yanaelekea Geita na Kahama. Hakuna ubaya. Ila ukikaa Dodoma miezi sita ukisubiri kuitwa mgodini, atakayekupigia simu ni mkulima wa zabibu wa Hombolo, paroko, mwenye shule binafsi, au mtu aliyejenga Nala na bomba bado halijamfikia. Wote wana swali moja: nichimbe wapi kisima? Na habari ya kisima kikavu kimoja husambaa haraka kuliko ya vitano vyenye maji.

Ardhi ya hapa haina huruma kwa anayebahatisha. Tumekalia graniti na migmataiti zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mwamba huo ukiwa mzima haushiki maji. Maji hukaa sehemu mbili tu: kwenye tabaka la mwamba uliooza, na kwenye nyufa zilizo chini yake. Mvua nayo ni kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua linataka zaidi ya hiyo. Ndiyo maana Makutupora, ambako mipasuko ya bonde la ufa imeuvunjavunja mwamba, visima vyake vya Mzakwe vimelisha jiji kwa miongo mingi, wakati kilomita chache pembeni unagonga jiwe kavu hadi mita 120.

Kazi huanzia mezani. Chukua ramani ya jiolojia ya eneo kutoka GST (taasisi ya jiolojia ya taifa), fungua picha za setilaiti na data ya miinuko ya SRTM (zote za bure), kisha tafuta mistari inayoashiria mpasuko wa mwamba: korongo linalokwenda moja kwa moja bila sababu, vijito viwili vinavyopinda sehemu moja, safu ya miti iliyobaki kijani Oktoba wakati kila kitu kimekauka. Picha za Septemba hadi Novemba ndizo zinazosema ukweli. Za Machi kila kitu ni kijani. Hakikisha mstari wako si njia ya ng'ombe au mpaka wa shamba. Halafu uliza habari za visima vya jirani: kina, maji yalipatikana mita ngapi, yana chumvi au hayana. Jua pia uko bonde gani, kwa sababu kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya bonde chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009. Jiji la Dodoma liko Wami/Ruvu, upande wa Bahi unaingia Bonde la Kati, na kusini kuelekea Mtera ni Rufiji.

Sasa uwanjani, mahali ambapo wengi huharibu.

Mwenye eneo atakuonyesha kona karibu na nyumba na kusema, "Pima hapa, mabomba yasiwe marefu." Ukipima hapo tu, umepima matakwa yake. Tembeza kwanza mstari wa vipimo vya ukinzani wa umeme (unapitisha mkondo ardhini na kuona unavyozuiwa; kwa kawaida penye maji hupita kirahisi zaidi) unaokata ule mpasuko kwa pembe mraba, hatua ya mita 10, urefu wa mita 200 au zaidi kama eneo linaruhusu. Pale ukinzani unapoporomoka ghafla kisha ukapanda tena, ndipo pa kupima kwenda chini kwa mpangilio wa Schlumberger, yaani elektrodi nne (vijiti vya chuma) kwenye mstari mmoja, zile za mkondo zikisogezwa mbali hatua kwa hatua ili kuona chini zaidi. Na kwa upimaji huo, nyoosha kebo sambamba na mpasuko, si kuukata. Ukiukata, mchoro wako utachanganya kushoto na kulia na utadhani ni juu na chini.

Hesabu yenyewe si ngumu, lakini ifanye hapohapo. Tuseme elektrodi za mkondo ziko mita 40 kila upande wa katikati, na za volteji mita 5 kila upande. Kizidishio ni pai mara (40² toa 5²) gawa kwa 10, yaani 495. Mashine ikisoma milivolti 12 kwa mkondo wa miliampia 100, unapata 0.12 mara 495: takriban ohm-mita 59. Weka nukta hiyo kwenye karatasi ya logi (yenye mizani ya logarithimu) kabla ya vijana kuhamisha elektrodi. Nukta ikiruka mbali na wenzake, rudia. Ukigundua kosa ukiwa umerudi mtaani Area D jioni, ni nauli nyingine.

Makosa ya kawaida yana sababu za kawaida. Udongo wa Oktoba ni mkavu kama unga, mkondo hauingii, mashine inasoma takataka: mwaga maji yenye chumvi kwenye kila elektrodi, subiri dakika mbili, gongelea tena. Uzio wa waya na bomba la chuma hubeba umeme wako na kukupa ukinzani mdogo wa uongo. Sogea mita 30 au zaidi. Nguzo za TANESCO hutikisa usomaji. Kebo iliyochubuka ikigusa majani yenye umande inavuja, na hilo huonekana asubuhi kisha linapotea saa nne, unabaki kujiuliza. Ukibadilisha umbali wa elektrodi za volteji, pima nukta mbili zilezile kwa umbali wa zamani na mpya, vinginevyo vipande vya mchoro havitaungana. Na usitarajie kuona mita 80 kwa kebo ya mita 80. Umbali kutoka katikati hadi elektrodi ya mkondo uwe angalau mara mbili ya kina unachotaka, mara tatu ni bora.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Ukinzani mdogo si lazima uwe maji. Mbugani, kwenye udongo mweusi, utasoma ohm-mita 5 na moyo utaruka. Mara nyingi ni mfinyanzi, au maji ya chumvi ambayo hata mbuzi anayakataa. Kwa miamba yetu, tabaka lililooza lenye maji mazuri hucheza zaidi kati ya 20 na 100, mwamba wenye nyufa mia kadhaa, na graniti nzima inapita 1,000. Kinachotafutwa ni mchoro unaoanza juu, unashuka na kukaa chini kwa muda, kisha unapanda taratibu. Ukipanda ghafla kwa nyuzi 45 kuanzia mita 8, mwamba mzima uko karibu. Mwambie mteja ukweli, hata kama amekodi Fuso kukuleta wewe na vijana wako. Ripoti ya "hapa pasichimbwe" ni ripoti halali na inalipwa kama nyingine, mradi mkataba uliandikwa hivyo tangu mwanzo. Usikubali kulipwa maji yakitoka tu; utaanza kuona maji pasipo maji.

Siku ya kuchimba, kaa kwenye mashine ya kuchimbia. Vijana wengi huweka alama ya rangi chini na kuondoka, na hilo ni kosa kubwa kuliko yote niliyotaja. Chukua vipande vya mwamba kila mita 1, osha, panga chini kwa safu ya kumi kumi, andika rangi na ukubwa. Vipande vya kahawia vyenye kutu kwenye nyuso zake vimetoka kwenye ufa ambao maji yamepita. Vya kijivu, vyenye ncha kali, na vumbi jeupe juu ya mashine: mwamba mzima. Pima pia muda wa kila mita kwa simu yako. Nyundo iliyokuwa ikitumia dakika nane kwa mita ikishuka ghafla hadi dakika mbili, pana ufa, hata kama maji hayajaonekana. Maji yakipanda, yaelekeze kwenye ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 18 ni lita 4,000 kwa saa. Rudia kila fito mpya (bomba la kuchimbia) inapoungwa, maana ongezeko ndilo linalokuonyesha ufa wa pili uko wapi.

Hapa ndipo ubishi na mchimbaji huanza, kwani yeye analipwa kwa mita. Ukiona mita 25 hadi 30 mfululizo za kijivu bila badiliko la kasi wala unyevu, na vipimo havikuonyesha kitu chini, simamisha.

Mabomba nayo yana hesabu. Bomba la PVC lenye kipenyo cha nje cha milimita 140 ndani ya shimo la inchi 8 linaacha nafasi ya kama milimita 31 kila upande, inatosha kumwaga kokoto ndogo za milimita 2 hadi 4. Ndani ya shimo la inchi 6 linaacha milimita 6, kokoto zinakwama njiani, na baada ya miezi mitatu pampu inakula mchanga. Mabomba yenye matundu yakae mkabala na maji uliyoyaandika, si "mabomba matatu ya mwisho" kama ilivyo mazoea. Mita 3 hadi 6 za juu kuzunguka bomba zizibwe kwa saruji. Kisha safisha kwa hewa hadi maji yawe meupe na mchanga uishe, hata ikichukua saa sita.

Jaribio la pampu la saa mbili halikwambii kitu kwenye nyufa. Zinatoa akiba yake kwanza, halafu zinakukatia. Endesha pampu saa 24 kwa kasi moja, pima kina cha maji kila dakika kwa dakika 10 za mwanzo, kisha ongeza nafasi polepole, halafu zima pampu uendelee kupima maji yanavyorudi. Nani hupenda kukesha na kamba ya kupimia saa tisa usiku? Hakuna. Ndiyo sababu ukurasa wa usiku kwenye ripoti nyingi umeandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, kwa namba zinazoshuka vizuri mno. Mkaguzi mzoefu anaziona. Kasi utakayopendekeza iwe theluthi mbili ya iliyojaribiwa, si yote.

Sampuli ya floraidi ichukuliwe kwenye chupa ya plastiki, kwa sababu floraidi hushambulia kioo. Ya bakteria iwekwe kwenye chupa iliyotakaswa vijidudu, ndani ya boksi la barafu, ifike maabara ndani ya saa 24. Kikomo cha floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita, na ukanda huu kuelekea Singida unavuka hapo mara kwa mara. Karibu na makazi yenye vyoo vya shimo, dai kipimo cha nitreti hata kama mteja anaona ni gharama.

Haya yote hayapotei siku ukiitwa mgodini. Anayejua kusoma vipande kila mita kwenye kisima cha Chamwino hahitaji kufundishwa upya kwenye uchimbaji wa utafiti wa dhahabu.

Na kikitoka kikavu? Usiondoke kabla shimo halijajazwa kwa udongo wake hadi mita 3 za juu, na saruji kumalizia. Kuna watoto na kuna maji machafu ya mvua. Mkabidhi mteja vipimo, orodha ya vipande na kina uliposimamisha uchimbaji, na nakala moja iende bodi ya bonde, ili atakayekuja kupima kiwanja cha jirani mwaka kesho aikute.