Michigan au hapa hapa Minnesota?

Pole na hongera, dada. Binti yako kapata nafasi University of Michigan kusomea uuguzi, nawe uko Minneapolis, unauliza kama gharama inafaa, na hutaki kumvunja moyo. Mimi ningeanza na barua ya msaada wa fedha kutoka chuo hicho. Ada ya mtoto wa nje ya jimbo pale ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, bado chumba na chakula. Jumlisha gharama zote, kisha punguza skolashipu tu. Mkopo usiupunguze, hata kama wameupanga pamoja na misaada. Kinachobaki, zidisha kwa miaka 4.

Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni dola 5,500 tu. Pengo litajazwa na mikopo ambayo wewe ndiye utakayeitia saini.

Kipato cha familia kikiwa chini ya dola 80,000, North Star Promise, mpango wa jimbo la Minnesota, hulipia ada katika vyuo vya umma vya Minnesota. Akitaka kutoka nyumbani, majimbo jirani ya Wisconsin na Dakota zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, yana makubaliano ya ada nafuu na jimbo lenu.

Kwa uuguzi, sioni haja ya deni hilo: mtihani wa leseni ni uleule nchi nzima. Ila kabla ya kukataa, mpigieni ofisa wa misaada wa Michigan, mwombeni waongeze msaada.