Dada wa Ujiji, kabla hujamimina siki kwenye unga

Wiki hii dada mmoja wa Ujiji anayeanza biashara ya mikate kaniandikia. Anakandia maji ya ziwa, donge linachelewa kuumuka, na jirani kamwambia atie siki ili kuua magadi ya maji. Anataka kipimo. Nimefurahi kuliko anavyodhani, maana habari za hamira na tindikali ndizo zilizonifikisha nilipo.

Kwenye mafunzo ya uokaji nilimuuliza mkufunzi: hamira inajuaje kwamba sukari imefika, hata ianze kazi? Alinijibu mbele ya darasa zima kwamba nimekuja kujifunza mikate, si udaktari. Wenzangu wakacheka. Mpaka leo inaniuma. Nikarudi Kigoma na cheti changu, nikalitafuta jibu mwenyewe usiku kwenye simu, biolojia ya kidato cha sita ikinishika mkono. Mwezi huu nimesaini mkataba wa kupelekea hoteli moja hapa Mwanga mikate ya kila asubuhi. Nimestahili, nasema wazi.

Jibu ni hili. Seli ya hamira iliyoshiba sukari huwa na pH (kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni magadi) karibu 7 ndani yake, hata nje ikiwa 5. Kwenye utando wake kuna pampu iitwayo Pma1 inayotoa protoni, yaani chembe zinazoleta uchachu, nje bila kupumzika, kama wavuvi wanaochota maji kwenye mtumbwi unaovuja, na nguvu yake ni ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Sukari ikiisha, ATP hupungua, pampu hulegea, na pH ya ndani hushuka hadi karibu 6. Usiidharau tarakimu hiyo moja: maana yake protoni zimeongezeka mara kumi.

Na protoni hizo ni habari. Mwaka 2010 Reinhard Dechant na wenzake kule Zurich walionyesha kwamba pH ya ndani ya seli ni ishara yenyewe ya kuwapo kwa sukari. Hamira ina kifuko ndani yake, vakuoli, chenye pampu nyingine iitwayo V-ATPase. pH ikipanda, vipande vya pampu hii huungana. Sukari ikikosekana, huachana. Vikiungana, ujumbe hupita mpaka kwenye protini Ras, cAMP, molekuli ndogo ya kupeleka ujumbe, hutengenezwa, na kimeng'enya PKA huiamuru seli ikue, igawanyike, itumie akiba yake. pH ikishuka amri hukatika. Seli hujifunga, hata ute wake wa ndani hukakamaa, ikingoja chakula. Niliposoma hapo sikulala.

Sasa siki. Asidi yake, ikiwa bado nzima, yaani haijaachia protoni zake, hupenya utando na kuingia ndani. Ikikuta pH ya 7 huachia protoni zake hapohapo, na pampu inalazimika kuzitoa kwa ATP ambayo hamira ingeitumia kukua. Matone machache itayavumilia. Ukimimina, unaipelekea hamira yako shida ileile ya njaa ilhali sukari ipo mezani.

Maji ya Tanganyika kweli yana pH karibu 9. Lakini unga wenyewe huituliza pH hiyo, na hamira ikianza kazi hutoa tindikali yake nje. Mimi nisingeanza kwa kuyalaumu maji. Ningeiangalia hamira: tia maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, ngoja povu, ndipo uchanganye na unga. Povu lisipotoka, tupa, nunua nyingine. Chumvi isiiguse hamira moja kwa moja. Na ilishe kwanza, narudia, ilishe kwanza.

Wadogo zangu mnaotaka kuwa waokaji wa kweli, msikubali kupewa vipimo bila sababu. Anayekunyima sababu anataka urudi kwake kila siku. Uliza, ukichekwa uliza tena, kisha kasome. Simu unayo.

Nawe dada, usinisadiki kwa maneno matupu. Kesho kanda donge moja kwa maji yako ya ziwa na hamira iliyotoa povu, ligawe nusu kwa nusu, nusu moja uikandie siki ya jirani. Yaweke bakuli mbili zinazolingana, pahali pamoja, na uandike saa ambayo kila moja limefika ukingoni. Nitumie hizo saa mbili.