Nyumba imeuzwa mara tatu: je, bei itaendelea kupanda?

SWALI: Mimi na mume wangu tumeipenda nyumba ya vyumba vinne pembezoni mwa mji. Tukichukulia kwamba mara ya kwanza iliuzwa kwa 100, miaka minne baadaye iliuzwa kwa 120, na miaka sita baada ya hapo kwa 150. Aliyeinunua miaka miwili iliyopita anaiuza sasa kwa 165. Dalali anasema inapanda asilimia 5 kila mwaka, kwa hiyo hiyo ni bei ya kutupa. Tumwamini?

JIBU: Dada yangu, dalali wenu amechukua 50 akagawanya kwa 10. Hesabu hiyo naletewa kila mara, na anayeileta karibu siku zote ni mtu anayesubiri kamisheni. Ongezeko la mwaka huu hukaa juu ya lile la mwaka jana, kwa hiyo kutoka 100 hadi 150 kwa miaka kumi ni kama asilimia 4.1 kwa mwaka. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3, kinachobaki ni takriban moja tu, na hapo hatujagusa gharama za kununua na kuuza. Tena ulizeni kama kati ya 120 na 150 paa lilibadilishwa au jiko lilijengwa upya. Kama ukarabati ulikula 20, nyumba yenyewe imepanda 10 kwa miaka sita.

Linalonichosha zaidi ni imani kwamba bei ya zamani ni cheti cha thamani. Ni makubaliano ya watu wawili siku moja, basi. Baba humuuzia mwanawe kwa bei ya undugu. Benki hunadi ili irudishe mkopo wake. Zote huandikwa kwenye kumbukumbu za ardhi kama mauzo. Thamani ya leo hutafutwa kwa nyumba zinazofanana na hiyo, mtaa huohuo, zilizouzwa miezi ya karibuni, na kwa bei iliyolipwa, si ile ya kwenye tangazo. Kisha unaongeza au kupunguza kwa tofauti za kiwanja, umri wa jengo, kelele za barabara.

Historia ya mauzo ina faida yake, ila someni tarehe na majina kabla ya bei. Kwa nini mwenye nyumba anaondoka baada ya miaka miwili? Niliwahi kukagua nyumba iliyobadilisha wamiliki mara tatu, na mara zote tatu katika miezi ya ukavu. Sebuleni ukuta mmoja tu ulinukia rangi mpya. Niliposogeza kabati, nyuma yake, ambako brashi haikufika, kulikuwa na mstari wa kahawia kimo cha ugoko, umenyooka kama uliopigwa rula. Jirani wa upande wa chini hakuhitaji hata kubembelezwa: mvua kubwa ikinyesha, alisema, wote mtaani hupandisha magodoro juu ya meza.

Kwa hiyo rudini pale baada ya mvua, bila dalali, muongee na majirani wawili watatu. Mthamini mtafuteni wenyewe, aliyesajiliwa, na mumlipe wenyewe. Wapo wanaoletwa na dalali, wanaopiga picha geti bila kushuka garini, na ripoti zao huwa na bei ileile ya tangazo. Wengine siku hizi hata garini hawapandi. Wanajaza idadi ya vyumba kwenye kikokotoo cha mtandaoni na kugonga muhuri.