Kutoka Mbale hadi Mombasa, bila haraka

SWALI: Tuna watoto watatu na gari dogo. Tulale wapi njiani, na gari tuliandaeje kwa milima? – Msomaji, Mbale

JIBU: Laleni Eldoret, Nakuru, Nairobi na Voi. Usiku msiendeshe, malori ni mengi mno. Bima ya gari ya COMESA, ile kadi ya njano inayotumika nje ya nchi yenu, ikateni kabla ya kufika mpakani Malaba. Timboroa, kati ya Eldoret na Nakuru, ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari na kuna baridi, kwa hiyo masweta yakae karibu, si chini ya mizigo.

Hoja kubwa ni breki. Ukizikanyaga mteremko mzima, mafuta yake huchemka na pedali huzama hadi chini. Ingizeni gia ndogo kabla hamjaanza kushuka. Mafuta ya breki yaliyopita miaka miwili yabadilisheni: yameshanyonya unyevu, hivyo huchemka mapema.