Mwanao yuko la tatu na hajui kusoma: kabla hujamhamisha

Mkuu, umeuliza kama umtoe mwanao shule ya serikali kwa sababu amefika darasa la tatu na hajui kusoma, huku kila ripoti inaandikwa "anajitahidi". Hilo limenipata na kijana wangu hapa Mbagala, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona kwa macho yangu.

Wangu alikuwa la pili. Kila jioni nikitoka kwenye cherehani ananisomea kitabu cha shule, ukurasa mzima bila kukwama, na moyo wangu unajaa. Siku moja nikainama kumtazama vizuri. Kidole kiko mstari wa kwanza, mdomo umeshafika wa tatu. Nikafunika picha kwa kiganja, akanyamaza. Kumbe kitabu kizima amekishika kichwani kwa kusikia wenzake wakiitikia darasani. Nikampa pakiti ya chumvi asome neno moja tu. Akaitazama, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga. Usiku ule nilifungua madaftari yake yote. Vema, vema, vema, kwa wino mwekundu, hata pale alipopanga herufi zisizounda neno lolote.

Kesho yake nilifika shuleni na hasira za kumla mtu. Mwalimu hakunijibu kwa ukali, alinikaribisha ndani. Nilihesabu watoto 147. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Kwenye dawati wamebanana wanne, wengine wako sakafuni, na wangu yuko huko karibu na mlango, ubao anauona kwa ubavu. Shule inaingia kwa zamu. Saa sita hawa wanatoka, wengine wanasubiri nje. Mwalimu akaniambia, "Baba, nikimpa kila mtoto dakika moja tu anisomee, hiyo ni karibu saa mbili na nusu. Kipindi changu ni dakika 30." Sikuwa na la kumjibu. Na zile "vema" nikazielewa zinatoka wapi, ingawa mpaka leo zinaniuma, kwa sababu ndizo zilizonilaza usingizi miaka miwili.

Mimi siipingi elimu bila malipo. Nilisoma kipindi cha ada, na nilikuwa na rafiki ambaye kila muhula alirudishwa nyumbani kwa kukosa pesa, mwisho akaacha kabisa. Ada ya msingi ilifutwa 2001, na kuanzia Januari 2016 michango ya lazima nayo ikaondolewa. Watoto wakamiminika, na hiyo ilikuwa haki yao. Kinachonikera ni kwamba mlango ulifunguliwa, madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango hicho ni cha tangu enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), mwaka 2002, wakati shilingi 10,000 ilikuwa kama dola 10. Na katika hizo, 6,000 ndizo zinazopangwa kufika shuleni, 4,000 ni za vitabu. Gawa 6,000 kwa miezi 12: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, ndani yake chaki, karatasi za mitihani, ukarabati. Mtu anayewatukana walimu humu jukwaani apige kwanza hesabu hiyo.

Sasa la kwako. Shule binafsi niliyoulizia ilitaka zaidi ya milioni moja kwa mwaka, sikuiweza. Nilichofanya ni kuchukua karatasi ninazokatia patani za nguo, nikaandika silabi kwa maki pen: ba, be, bi, bo, bu. Dakika 20 kila jioni, bila fimbo na bila kumlinganisha na mtoto wa jirani. Tukaunganisha: ba-ba, bi-bi, bo-ga. Baada ya hapo nikawa nampa vitu ambavyo hajawahi kuvisikia vikisomwa: kipande cha gazeti la kufungia maandazi, maandishi ya ubavuni mwa daladala. Ilichukua miezi minne. Siku aliyosoma mwenyewe "Mbagala Rangi Tatu" kwenye kioo cha gari, aliruka kama kafunga goli.

Usisubiri. Mtihani wa darasa la nne uko mbele yenu, na asiyefaulu anarudia darasa. Mjaribu leo usiku kwa maandishi mageni, siyo kwa kitabu chake cha shule.

Halafu nenda kwenye mkutano wa wazazi, na usiende peke yako. Sisi tulikwenda kumi na moja, tukaomba tusomewe ruzuku iliyoingia na ilivyotumika. Mwalimu mkuu alitusomea yote, hakuficha kitu, na hapo ndipo wazazi wengi walipoelewa kwamba barua yetu inapaswa kwenda kwa mkurugenzi wa manispaa. Tumeandika mbili. Darasa moja limejengwa, mwalimu hajaletwa.

Kijana wangu sasa yuko la tano na anasoma vizuri. Ila wale wengine waliokaa naye sakafuni pale mlangoni, wengi wazazi wao wanatoka alfajiri na kurudi usiku, na wapo wasiojua kusoma wenyewe. Mmoja anakuja kwangu jioni tangu mwezi wa pili. Yuko la tano pia. Jana tumemaliza silabi za "nya".