Bunduki ya pistoni ya gesi pwani: maji kwanza, mafuta baadaye

Kwa anayekaa Tanga, hasa Raskazone ambako upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, bunduki huliwa na chumvi mbili. Moja ni ya bahari. Nyingine imo ndani ya risasi: nyingi za zamani kutoka nchi za kambi ya Urusi zina fataki (kikombe kidogo kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti) ya klorati ya potasiamu, nayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya jikoni. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Mtutu utaupaka ung'ae, na chini ya mng'ao huo kutu inaendelea kula.

Toa magazini, ndipo uvute bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma ya mtutu. Ukianza na bolti, risasi nyingine itaingia chemba, nafasi ya risasi nyuma ya mtutu. Chungulia chemba, halafu ipapase kwa kidole. Risasi zote zitoke kabisa katika chumba unachosafishia.

Chumvi hufuata njia ya gesi: inapita tundu dogo la mtutu, inaingia kwenye mrija, inasukuma pistoni, na pistoni inarudisha bolti nyuma. Wengi husafisha mtutu wakasahau mrija. Mitutu mingi ya Kalashnikov imepakwa kromu ndani, lakini kromu hiyo haiulindi mrija. Chemsha lita moja ya maji, weka sabuni kidogo, mimina mtutuni kutokea chemba, pitisha na mrijani, osha pistoni. Chuma kikipata moto hujikausha chenyewe. Futa, kausha, paka mafuta siku hiyo hiyo. Wakati wa masika usiku mmoja unatosha kuleta unga mwekundu.

Masizi magumu ya kichwa cha pistoni yaloweke kwenye mafuta ya taa dakika 20, kisha yasugue kwa brashi ya shaba. Weusi utakaobaki uache. Msasa unapunguza unene wa pistoni, na gesi inaanza kuvuja pembeni. Kichwa hicho na mrija viache vikavu, maana mafuta yakiungua humo hugeuka masizi mapya. Bunduki ikilala miezi, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, ila ukaushe kichwa na mrija kabla ya kufyatua.

Mafuta ya nazi hapana, hata kama nyumba nzima inayatumia. Yanachacha na kunata. Tone moja la mafuta ya bunduki kwenye kila reli ya bolti linatosha.

Bolti yenyewe itikise karibu na sikio. Kwenye Kalashnikov na SKS, bunduki nyingine ya Kirusi, pini inayogonga fataki huelea bila springi katika bolti nyingi, kwa hiyo usikie ikicheza: tik, tik. Ukimya maana yake imenasa kwenye grisi au uchafu, na ikinasa ikiwa imechomoza, bunduki inaweza kujifyatua bolti inapofunga. Usiweke risasi mpaka icheze.

Ala ya ngozi ni ya safari tu. Ukihifadhi bunduki humo, ngozi inanyonya unyevu na kuubandika kwenye chuma.

Ganda la risasi iliyofyatuliwa likibanwa kwenye mlango wa kutokea badala ya kuruka, walinzi wa mashamba ya mkonge husema risasi mbovu. Mara nyingi gesi ndiyo haitoshi: tundu limeziba, mrija umebonyea, au kidhibiti cha gesi, kama kipo, kimewekwa chini mno. Zibua na usugue. Fundi akitaka kulipanua tundu kwa drili, mkatalie. Bolti itarudi kwa kishindo, itagonga nyuma ya bodi (sanduku la chuma linalobeba bolti) kila mlio, mpaka bodi ipasuke.