Parokia yetu ilianzia uani kwa katekista

Tumsifu Yesu Kristo, Mhariri, pamoja na wasomaji wenzangu wote.

Swali lenu la wiki hii linasema: "Parokia yako ilianzishwa na nani, na nani anaitunza historia yake?" Najua wengi watajibu kwa jina la padre na mwaka, kama yalivyoandikwa kwenye jiwe la msingi kanisani. Naomba kujibu kwa njia nyingine, maana huku kwetu Uhehe, nchi ya Wahehe mkoani Iringa, nusu ya jibu imeachwa nje miaka mingi, na walioachwa nje ni makatekista, yaani waumini wa kawaida wanaofundisha dini vijijini.

Nianze na yale ambayo kila kijitabu cha jubilei kinayasema. Watawa Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien kutoka Ujerumani walifika Pugu mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ile ilivamiwa na kuchomwa, na baadhi yao wakauawa. Waliobaki na waliokuja baadaye walijenga Dar es Salaam, kisha wakashika njia ya kusini na ya nyanda za juu. Mwishoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wamekwisha kufika Tosamaganga, jirani kabisa na Kalenga, ngome ya chifu Mkwawa wa Wahehe, na mwaka 1898 walikuwa Peramiho.

Sasa zitazameni tarehe hizo pamoja na tarehe nyingine ambazo kila mtoto wa Iringa anazifahamu. Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Mkwawa alijiua kule Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, baada ya kuwindwa porini karibu miaka minne. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo misheni ya kwanza ilipojengwa Uheheni. Hatuwezi kulipitia jambo hilo juu juu. Injili ilifika watu wakiwa wangali matangani, maghala yamechomwa, na boma jipya la Wajerumani pale Iringa limejaa askari. Mzungu mwenye msalaba na mzungu mwenye bunduki walikuwa wa nchi moja na walisema lugha moja. Mzee wa Kihehe wa siku zile angewatofautisha kwa lipi?

Kusini zaidi kuna waliokataa kuwatofautisha. Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa vimepamba moto, Askofu Cassian Spiss aliuawa akiwa safarini kutoka pwani kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata Peramiho yenyewe ikateketezwa. Wafiadini wale tunawaombea na kuwaheshimu, na ni haki. Lakini tukisimulia kifo chao bila kusimulia kodi, viboko na kazi za kulazimishwa zilizowawasha watu, tunasimulia nusu tu ya kisa.

Kwa maoni yangu, aliyeondoa ule mchanganyiko wa msalaba na bunduki ni mtu wa tatu, mwenyeji, kijana aliyekaa misheni miaka michache akajua kusoma, kuandika na kusali, kisha akarudishwa kijijini. Huyo hakuwa na bunduki wala wapagazi. Alikuwa mtoto wa fulani, ukoo wake unajulikana, mke wake analima shamba linalopakana na la jirani. Alipokaa uani kwake jioni akafundisha "Baba Yetu", watu walimsikiliza kwa sababu wanamfahamu, au walimpuuza kwa sababu hiyohiyo. Padre alipita kwa mguu au kwa nyumbu, akaungamisha, akasoma Misa, akaenda zake kigango kingine, yaani kituo kingine cha sala chini ya parokia. Miezi ya katikati ilikuwa ya katekista.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, katika kizazi cha baadaye. Kijijini walimwita Mwalimu, na mpaka leo wazee wakitaka kuelekeza mtu kwenye kiwanja chake wanasema "pale kwa Mwalimu". Kanisa la kwanza la kigango lilikuwa la miti na udongo, lililoezekwa kwa nyasi, hatua chache kutoka jikoni kwake. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti kwa mnyororo. Alikuwa akiigonga kwa kipande cha nondo: mara ya kwanza watu waamke, mara ya pili waanze safari, mara ya tatu ibada imeanza. Rimu ile ingali inaning'inia palepale na ingali inatumika, ingawa kanisa sasa ni la matofali na bati. Upande unaogongwa umelika na kung'aa. Upande mwingine una kutu nyekundu.

Kuna kipindi kimoja ambacho kingetosha peke yake kunipa haki ya kusema ninayosema. Mwaka 1916 Waingereza waliingia Iringa. Mapadre, mabruda na masista wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa nchini. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, shirika la Giuseppe Allamano aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024, walifika Iringa mwaka 1919, na Iringa ikawa Prefektura ya Kitume, hatua ya kabla ya kuwa jimbo, mwaka 1922 chini ya Francesco Cagliero. Tunajifunza hivyo kwenye mafundisho: waliondoka hawa, wakaja hawa. Je, ile miaka ya katikati? Ndiyo ileile miaka ya njaa, ya wanaume kuchukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na mwishowe ya ile homa kubwa ya mafua ya 1918. Watu walikufa wengi. Nani aliwazika? Nani aliwabatiza watoto waliokuwa wanakata roho? Nani aliwakusanya Jumapili, akasema nao rozari na litania hata kama hakuna Misa? Waitaliano walipofika hawakukuta jangwa. Walikuta watu wanaojua sala zao, na aliyewashika ni katekista, ambaye kwa miaka hiyo hakuwa na wa kumlipa, wa kumtuma, wala wa kumkagua. Angeweza kuacha.

Mimi nimefanya kazi ya ukarani wa parokia, kwa hiyo nimezishika daftari za ubatizo kwa mikono yangu, na ningependa msomaji azione jinsi zilivyo. Daftari ni kubwa, jalada gumu, mgongo umefungwa kwa kitambaa kilichochanika. Kila ukurasa una safu: namba, tarehe, jina la mbatizwa, wazazi, msimamizi, mhudumu wa sakramenti. Pembeni imeachwa nafasi ya kuandika baadaye kipaimara na ndoa. Ndiyo maana anayetaka kufunga ndoa hutakiwa kwenda kuchukua cheti kipya parokia aliyobatizwa, ionekane kama pembeni pale pameandikwa ndoa nyingine. Kurasa za zamani ni za Kilatini, kwa mwandiko uliolala, na majina yetu yameandikwa kama sikio la mgeni lilivyoyapokea. Kwenye safu ya mhudumu jina la padre linajirudia ukurasa baada ya ukurasa. Halafu, hapa na pale, linakatika: mtoto kabatizwa katika hatari ya kufa, na aliyembatiza ni mwenyeji. Limeandikwa jina moja tu la ubatizo, Yohani au Petro, bila jina la baba. Pembeni msalaba mdogo, maana mtoto hakupona. Basi. Kwa makatekista wengi wa enzi zile, mstari huo mmoja ndiyo maandishi pekee yaliyobaki.

Mbeya njia ilikuwa nyingine, ingawa jambo ni lilelile. Unyakyusa walitangulia Wamoravian na Waluteri wa Berlin, tangu mwaka 1891. Wakatoliki waliingia baadaye, wakiwemo wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe waliotokea upande wa Ufipa, na eneo la misheni la Tukuyu likaundwa mwaka 1932. Hapo katekista alikwenda kijiji ambacho jirani zake tayari ni Wakristo wa dhehebu jingine, na pengine shemeji zake pia. Alipaswa kuhubiri bila kuvunja undugu, na sijui kama kuna seminari inayofundisha kazi hiyo. Leo Mbeya ni Jimbo Kuu tangu Desemba 2018, na watu wanayataja kwa heshima majina ya Askofu James Sangu na Askofu Evaristo Chengula. Vizuri. Majina ya makatekista wa vigango walivyovitembelea maaskofu hao tunayapata wapi?

Wasomaji vijana wanaweza kuuliza: kama walikuwa muhimu hivyo, mbona leo katekista anaonekana mtu wa mwisho parokiani, mzee mwenye baiskeli anayesubiri posho isiyofika? Nina maelezo, na naomba yafikiriwe. Zamani katekista alikuwa pia ndiye mwalimu wa shule. Ile shule ya msituni, ya a-e-i-o-u na katekisimu, ilikuwa yake. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule zenye walimu waliosomea ualimu, na hapo njia zikagawanyika: mwalimu wa shule akapata mshahara, mwalimu wa dini akabaki na mahindi ya waumini. Shule za misheni zilipotaifishwa baada ya Uhuru, mwanzoni mwa utawala wa Azimio la Arusha, uzi wa mwisho ukakatika. Sekondari ya Tosamaganga ikawa ya serikali. Silalamikii kutaifishwa kwa shule, maana watoto wa dini zote walipata nafasi. Nasema tu kwamba siku ile katekista alipoteza darasa, na sisi waumini hatukumpa kitu badala yake.

Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani vikundi vya waumini majirani wanaosali pamoja, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976, zimesaidia sana. Wanawake hasa wamepata nafasi ya kuongoza sala na kufundisha, kazi ambayo wake za makatekista walikuwa wanaifanya tangu zamani bila cheo. Na Mei 2021 Papa Fransisko aliiweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa lote. Nilifurahi mno. Huku kwetu, hata hivyo, barua ya Papa haitoshi kama kamati ya jubilei haijui kigango chake kilianzishwa na nani.

Hapo ndipo penye sehemu ya pili ya swali lenu: nani anaitunza historia? Kwa sasa, karibu hakuna. Na muda unatubana kwa sababu mbili. Wazee wanaokumbuka wanaondoka. Tena parokia zinagawanywa, na majimbo pia. Desemba 2023 limezaliwa Jimbo la Mafinga kutoka katika Jimbo la Iringa, nasi tumelipokea kwa shangwe. Lakini kila parokia mpya ikizaliwa, daftari za zamani hubaki parokia mama, kumbukumbu za kigango zikabaki kwa mwenyekiti aliyemaliza muda wake, na picha zikabaki kabatini kwa familia. Miaka ishirini baadaye parokia mpya inaandika kijitabu, inaanza na padre wa kwanza na mwaka iliposimikwa, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa pori.

Ninapendekeza mambo yanayowezekana kwa fedha kidogo kuliko kitenge cha jubilei. Kamati ichague vijana wachache, wa vyama vya vijana Wakatoliki vya TYCS au VIWAWA, wenye simu zinazorekodi vizuri, wapite kigango kwa kigango. Wasiulize "tueleze historia ya kigango", maana mzee ataanza na Adamu, au atataja mapadre kwa sababu anadhani ndicho mnachotaka. Waulize: Kabla ya kanisa hili mlisalia wapi? Aliyekuwa anagonga kengele ni nani, na kabla yake nani? Alikula nini, shamba lake lilikuwa wapi? Mke wake aliitwa nani? Padre asipokuja Krismasi mlifanyaje? Maswali hayo mzee anayajibu kwa saa mbili bila kuchoka, tena kwa Kihehe, Kibena au Kikinga, na yarekodiwe hivyohivyo kwa lugha aliyosemea.

Daftari ni kazi nyingine, ya uangalifu zaidi. Ni mali ya parokia chini ya paroko, na ndani yake mna siri za watu: mtoto ambaye safu ya baba imeachwa wazi, ndoa iliyobatilishwa, mtu aliyebadili dini akarudi. Hizo si habari za kurusha kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Paroko atoe ruhusa, karani akae mezani, kurasa zipigwe picha moja baada ya nyingine, nakala moja iende jimboni na nyingine ibaki parokiani mahali pasipo na panya wala mvua. Daftari letu la zamani kuliko yote nilikuta limewekwa juu ya kabati chini ya bati linalovuja, na kurasa za mwanzo wino umeshaanza kusambaa.

Kisha, katika kijitabu kitakachofuata, kabla ya picha ya askofu na ya paroko, nauombea ukurasa mmoja tu. Majina ya makatekista wote wa vigango vyote, yule tunayemjua kwa jina moja aandikwe kwa jina hilo moja, na kando yake kijiji chake.